Ramadhani 14: Nafasi Kwenye Duara



Ndugu zangu katika imani, natumai mmefuturu salama. Jumamosi baada ya tarawehe tuna kikao cha madrasa, kwa hiyo leo tuzungumze kuhusu kusikilizana. Kikao cha mwaka jana mnakumbuka kilivyokwisha. Kijana mmoja alikatizwa mara tatu, ya nne hakungoja, akachukua viatu vyake akatoka. Mpaka leo hatujamuona kwenye safu.

Tunaijua hadithi ya Abu Waqid al-Laythi iliyomo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume (s.a.w.) amekaa msikitini, watu wamemzunguka, wakatokea watatu. Mmoja aliona upenyo kwenye duara, akaingia akaketi. Wa pili akaona haya, akakaa nyuma yao. Wa tatu akageuka akaenda zake. Mara nyingi tunaisoma ili kumlaumu wa tatu, na kweli alilaumiwa. Lakini mtazame wa kwanza: aliweza kuketi kwa sababu upenyo ulikuwepo. Wala usimfananishe kijana wetu na yule wa tatu. Yule hakukatizwa na mtu.

Surat al-Mujadila, aya ya 11, inatutaka tusogee tukiambiwa tumpe mwenzetu nafasi kikaoni. Na sura hiyohiyo imefunguliwa kwa habari ya nani? Ya mwanamke mwenye malalamiko! Bi Khawla bint Tha'laba alikwenda kwa Mtume kumshitaki mumewe. Bi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba yeye mwenyewe alikuwa pembeni ya nyumba na baadhi ya maneno hayakumfikia. Allah akayasikia yote. Sasa wewe utakayeshika kipaza sauti Jumamosi, akina mama walioko nyuma ya pazia utawasikiaje kama kipaza hakivuki upande wao?

Tena kuna hadithi ya Sahl bin Sa'd. Mtume aliletewa kinywaji, akanywa. Kuliani kwake yupo kijana mdogo, kushotoni wapo wazee. Akamwomba kijana ruhusa awape wazee kwanza. Kijana akakataa, fungu lake kutoka kwa Mtume hakutaka kumwachia yeyote. Mtume akampa. Fikiria, masahaba watu wazima wamekaa wanangoja! Najua, kile kilikuwa kikombe, si mazungumzo. Lakini mtoto aliulizwa, na jibu lake likaheshimiwa.

Na Utba bin Rabi'a je? Alikuja kumshawishi aache da'wa, akamtajia mali na uongozi. Mtume alimwacha aseme yote, akamuuliza kama amemaliza, ndipo akaanza kujibu. Huyo alikuwa mpinzani. Mwenzako mnayegusana mabega kwenye swala humpi hata dakika mbili?

Basi Jumamosi tusipange meza ya wakubwa mbele. Tukae duara hapohapo kwenye zulia, wazee wetu mkiegemea nguzo kama mgongo hauruhusu. Zamu ianzie kulia, mmoja mmoja, kisha ivuke pazia iende kwa akina mama kabla haijarudi. Anayesema amalize. Mwenye jibu alishike mpaka zamu yake imfikie, hata kama linamuwasha mdomoni. Asiye na neno aseme tu "napita", hakuna ubaya. Simu zikae mifukoni. Itachukua muda, ndiyo, lakini daku bado iko mbali, na tumeshapoteza muda mwingi zaidi kwa kelele.

Na yule kijana, anayepajua kwao ampitie kabla ya Jumamosi. Asiende kumhubiria. Amwambie tu nafasi yake ipo, na akianza kusema, amsikilize palepale mlangoni mpaka amalize.

Wassalaam alaykum warahmatullah.