Mizani ya Mwenye Kidogo

Je, mwenye kidogo ana udhuru? Swali hili huulizwa aghalabu katika mambo ya sadaka na deni, lakini mimi naliuliza juu ya zahanati, mahali ambapo rafu ya dawa huwa nusu tupu, muuguzi huwa mmoja, na akina mama waliobeba watoto wenye homa huwasili kabla ya jua kuchomoza. Husemwa kuwa asiyenacho halaumiwi, na neno hilo lina haki ndani yake, kwa kuwa hapana sharia ya insafu imkalifishayo mja kupita uwezo wake. Walakini udhuru huo humwokoa mtu katika kiasi alichotoa; haumwokoi katika namna alivyokigawa.

Mama aliyebakiwa na kibaba kimoja cha unga hawezi kuumba kibaba cha pili, lakini anajua nani ameshinda na njaa, nani ametoka ugonjwani, na nani alikula adhuhuri kwa shangazi yake. Na kwa maarifa hayo kibaba chake hufaa kuliko pishi nzima mikononi mwa mtu asiyewajua watoto wale.

Katika miaka ya 1990 wilaya mbili za Tanzania, Rufiji na Morogoro, zilijaribu maarifa ya namna hiyo, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na wafadhili wa Kanada. Kwa kuwa wengi waliofariki huko walifia majumbani, wala vifo vyao havikuingia katika daftari la hospitali, watu walitumwa kupita nyumba kwa nyumba wakiwauliza wafiwa marehemu aliugua nini, na kwa dalili zipi. Ushahidi ulipokusanywa ulitia haya: katika Morogoro malaria ilikuwa ikinyakua sehemu 30 katika 100 ya miaka yote ya uhai iliyopotea, na bajeti ya 1996 ilikuwa imeitengea sehemu 5. Hapana aliyekusudia ubaya. Fedha zilifuata njia ya mwaka uliopita, kama maji yafuatavyo mfereji wa zamani. Mgao ukasahihishwa, ikaongezwa takriban dola 1 kwa kila mkazi kwa mwaka, wahudumu wakafundishwa kumchunguza mtoto mgonjwa kwa ukamilifu badala ya kuitazama homa peke yake, vyandarua vyenye dawa vikaenea. Na Rufiji, katika muda wa miaka 5 hivi, vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa zaidi ya sehemu 40 katika 100.

Sisemi kuwa ufukara ni neema, wala kuwa hesabu njema huponya pasipo dawa. Nasema kuwa uhaba huyafanya maarifa kuwa faradhi: tajiri akikosea kugawa hupoteza mali, maskini akikosea hupoteza roho za watu, na kutojua, kwa aliyeweza kuuliza, ni dhuluma hata nia ikiwa safi.

Wale wafiwa hawakurejeshewa watu wao. Walichokifanya ni kuutoa msiba wao uwe jiwe la mizani, ili watoto wa wengine wapimiwe kwa haki. Na mgawaji asiyelitumia jiwe hilo ameirudisha mlangoni sadaka ya watu waliokuwa hawana kingine cha kutoa.