Nani Alimwasi Nani?

Kitenzi kuasi kimetoka Kiarabu, na kimekuja na mzigo wake. Mzizi huohuo ndio uliotupa maasi, yaani madhambi. Mtoto humwasi mzazi, mja humwasi Mungu. Jirani humwasi, jirani mnagombana tu. Kwa hiyo ukimwita mtu mwasi, umeshakubali kwamba anayepigana naye ni mkubwa wake kwa haki.

Barabara inayopita hapa Miono inashuka hadi Saadani, mji wa Bwana Heri. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilianza kushika utawala wa Mrima, kwa mkataba ambao Sultani Khalifa wa Zanzibar alikuwa ameuridhia Aprili. Pangani, Abushiri bin Salim akakataa. Saadani, Bwana Heri akakataa. Wajerumani wakauita uasi wa Waarabu, na 1889 wakamleta Hermann Wissmann na askari wake, wengi wakiwa Wasudani walioandikishwa Misri. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo. Bwana Heri alisalimu amri 1890.

Sasa, lini hawa walikuwa chini ya Mjerumani hata wamwasi? Utasema Sultani aliwakabidhi. Lakini hata huyo Sultani walimtii shingo upande, pale mkono wake ulipofika. Sioni mtu atakodishaje asichokishika.

Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita hivyo, aliviita vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Kutamalaki ni neno la zamani: kujifanya mmiliki, kutawala kwa nguvu. Mtendaji hapo ni Mdachi. Mwasi hayumo kabisa.

Kivietnamu cha kale, kilichokopa mengi Uchina, kilikuwa na chinh, vita vya mkubwa kumrudi mdogo, na bình, kutuliza. Mwanafalsafa Mencius alishaeleza kwamba nchi zilizo sawa haziwezi kurudiana hivyo. Lê Lợi alipowafukuza Wachina wa Ming, ambao kwao alikuwa mwasi, tangazo la ushindi la 1428, lililoandikwa na Nguyễn Trãi, lilitumia bình hiyohiyo: safari hii waliotulizwa ni Wachina. Ninacheka kila nikilifikiria, kisha nasita. Neno limebadilisha mikono tu. Mkubwa na mdogo bado wamo ndani yake.

Na hapo ndipo utetezi wangu wa Abushiri unapopata kigugumizi. Alikuwa na shamba la miwa Pangani, na miwa ile ililimwa na watumwa. Mtumwa aliyekimbia mashamba ya huko hakuitwa mwasi, aliitwa mtoro, neno ambalo leo tunampa mtoto anayekwepa shule. Nalo lina bwana ndani yake. Mtoro aliyejificha porini 1888, akisikia mizinga ya Wadachi pwani, angesema ni nani hasa anayetamalaki, na tangu lini?