Mkono wa Rubani

Neno rubani lilikuwa la bahari kabla ya kuwa la anga. Katika bandari za mwambao, rubani ndiye aliyeongoza chombo cha wageni mpaka gatini, kwa kuijua miamba isiyoonekana juu ya maji. Hakuwa lazima awe nahodha, wala mwenye chombo. Mali yake ilikuwa ujuzi uliokaa machoni na mkononi. Lugha ilipohitaji jina la mwenye kurusha ndege, ikamwazima yeye. Suali ni iwapo jina hilo lingali linamwenea, maadamu ndege za leo huruka sehemu kubwa ya safari bila ya kuguswa na mkono wa mtu.

Chumba cha rubani wa zamani kilijaa saa za mishale, kila moja na kazi yake. Viwambo vya kompyuta vikazifuta, vikakusanya kasi, mwinuko na njia mahali pamoja. Na tangu ndege aina ya Airbus A320 kuanza kazi mwaka 1988, katika ndege nyingi za abiria kompyuta imekaa baina ya mkono na bawa. Asije mtu akadhani kuwa haya ni maovu. Safari za ndege ni salama mno kuliko zilivyokuwa miaka ya 1970, na mitambo ina fungu lake kubwa katika salama hiyo.

Lakini mwaka 1983 mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge alionyesha kinaya kilichomo humo: mtambo humwondolea mtu kazi nyepesi, ukamwachia ile nzito kupita zote, yaani kuokoa mambo pale mtambo unaposhindwa. Na kwa kuwa humwondolea kazi za kila siku, humnyima pia mazoezi ambayo yangemwezesha kuiweza kazi hiyo nzito. Anayengoja bila ya kutenda husahau kutenda.

Tarehe 1 Juni 2009, ndege ya Air France aina ya A330 ilikuwa juu ya Atlantiki, ikitoka Rio de Janeiro kwenda Paris na watu 228. Mirija inayopima kasi ya hewa iliziba kwa barafu, kwa muda usiotimia dakika moja. Mtambo wa kujiendesha ulipokosa kasi ya kuiamini, ukajiondoa na kuwarudishia marubani usukani, usiku, kwenye hewa iliyochafuka, nahodha akiwa ameenda kupumzika. Ndege yenyewe ilikuwa nzima. Rubani mmoja akaivuta pua juu, ikapanda mpaka mbawa zikashindwa kuibeba, kisha ikaanza kuporomoka huku pua ikiwa bado imeinuliwa. Onyo likalia mara nyingi. La ajabu ni kuwa kasi iliposomeka chini mno, kompyuta iliikataa hesabu hiyo na onyo likanyamaza. Rubani alipoishusha pua, jambo lililokuwa sahihi, onyo likarejea. Chombo kilimkemea alipotenda sawa, kikamnyamazia alipokosea. Hata mwenziwe hakuweza kuhisi anachokifanya, kwani vishikio vyao viwili haviendi pamoja. Baada ya dakika nne na ziada, wakaifikia bahari.

Ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa, iliyotoka mwaka 2012, ilibainisha kuwa marubani hao hawakuwa wamefunzwa kuendesha kwa mkono katika mwinuko mkubwa pindi kasi isipoaminika. Hapo ndipo penye suali la maadili. Je, mtu alaumiwe kwa kukosa ujuzi ambao hakupewa nafasi ya kuuhifadhi?

Miaka miwili kabla ya hapo, Mei 2007, ndege ya Kenya Airways ilikuwa imeanguka Douala, Kameruni, muda mfupi baada ya kuruka usiku wa manane. Watu wote 114 walikufa katika vinamasi vya mikoko. Nahodha alikuwa ametamka amri ya kuwasha mtambo wa kujiendesha. Mtambo haukuwaka, wala hakuna aliyehakikisha. Kwa muda wa karibu dakika moja ndege iliinama polepole upande wa kulia, ikiwa haina mwenye kuishika, kila mmoja akidhani inashikwa. Gizani, mwili wa binadamu hauhisi mwinamo wa polepole namna hiyo. Viwambo viliuonyesha. Ila kuonyeshwa si kuona: jicho humwendea anayelitazamia jambo, na aliyekwisha kuamini hatazamii kitu.

Hata katika ndege ndogo jambo hili lipo. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani iligundua mwaka 2010 kuwa ndege ndogo zenye viwambo zilipata ajali chache kwa jumla kuliko zenye saa za mishale, lakini ajali zake za mauti zilikuwa kwa kiwango cha juu zaidi. Sehemu ya sababu ni kuwa zilitumika kwa safari ndefu na hewa mbaya zaidi. Hata hivyo bodi ilitaka kila rubani afundishwe mtambo wake hasa, na namna unavyoharibika.

Mwaka 2013 mamlaka ya anga ya Marekani iliyahimiza mashirika yawaachie marubani kuendesha kwa mkono inapofaa. Ushauri mwema, lakini una gharama: saa za mazoezi hulipiwa, na mtambo huuzwa kwa sifa ya kupunguza gharama. Mwaka 2023 mahakama ya Paris iliamua kuwa Air France na Airbus walifanya makosa, lakini ikawaachia kwa kuwa haikuthibitika kwa yakini kwamba makosa hayo ndiyo yaliyoiangusha ndege. Waendesha mashtaka wakakata rufaa. Familia za wale 228 zilikuwa zimengoja miaka kumi na minne kuambiwa kuwa kosa lipo, na mwenye kubeba vifo hayupo.