Usiahirishe Uaminifu

Janani Luwum alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Anglikana Uganda kwa muda usiotimia miaka mitatu, tangu 1974. Februari 1977, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin kupinga mauaji ya raia. Siku chache baadaye akauawa. Hakungoja wakati ulio salama ndipo aseme kweli.

Sisi huahirisha: kusamehe mwezi ujao, kulipa deni mavuno yakija, kumwona mgonjwa tukipata nafasi. Zaburi ya 90 inaomba hekima kwa sababu miaka yetu ni michache. Hekima hiyo huonekana katika mambo madogo. Chagua wajibu mmoja uliousogeza mbele, uutimize leo.