Ini Laini la Mbwa

Desemba 14, 1912, watu watatu walikuwa wakivuka barafu ya Antaktika, karibu kilomita 500 kutoka kambini kwao: Douglas Mawson wa Australia, Xavier Mertz wa Uswisi na Belgrave Ninnis wa Uingereza. Ghafla Ninnis akatumbukia kwenye ufa wa barafu, akazama na mbwa sita walio bora pamoja na sleji iliyobeba hema na sehemu kubwa ya chakula.

Wawili waliosalia walibakiwa na akiba ya siku kumi hivi, na mbwa hawakubakiwa na chochote. Wakageuza, na njiani wakawa wanachinja mbwa mmoja baada ya mwingine. Wanyama wenyewe walikuwa wamekonda, nyama yao kano tupu. Ini peke yake ndilo lililokuwa laini, wakalila kama neema.

Wiki chache baadaye ngozi ikaanza kuwabanduka na nywele kuwatoka. Mertz alishikwa na tumbo la kukata na kuhara, kisha akaanza kuweweseka. Januari 8, 1913 akafariki. Mawson aliendelea peke yake. Siku moja alivua soksi akakuta ngozi nene ya nyayo imebanduka yote. Akaifunga tena mahali pake, akavaa soksi juu yake, akatembea. Alifika kambini Februari 8.

Mwaka huohuo wa 1913, Elmer McCollum na Marguerite Davis wa Marekani walitangaza ugunduzi wa kirutubisho kilichomo kwenye siagi na mayai, ambacho leo tunakiita vitamini A. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Australia, Cleland na Southcott, wakaeleza kwamba dalili za wasafiri wale zilikuwa za sumu ya vitamini hiyo, iliyojaa tele kwenye ini la mbwa wale. Wapo wanaoona njaa na baridi ndivyo vilivyomuua Mertz, lakini kwamba vitamini A ikizidi huwa sumu, hilo halina ubishi.

Vitamini C ikizidi, nyingi hutoka na mkojo. A, D, E na K huyeyuka kwenye mafuta, na mwili unaweza kuzilimbikiza kwenye ini na kwenye mafuta yake. Haba na haba hujaza kibaba. A ikizidi huumiza ini, na kwa mjamzito yaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni. D ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu hadi figo zikaharibika.

Hata hivyo, watu wazima wanaohangaika na sukari wanazidi kushawishiwa kumeza vitamini D. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2019 uliwafuatilia watu 2,423 ambao sukari yao ilikuwa imepanda bila kufikia kisukari. Nusu yao walimeza yuniti 4,000 kila siku. Baada ya takriban miaka miwili na nusu, tofauti kati yao na wenzao ilikuwa ndogo mno kuthibitisha kwamba vidonge vile vinazuia kisukari.

Matone ya vitamini A wanayopewa watoto kila miezi sita yana kipimo chake, usimnyime mwanao. Wewe mtu mzima, kula mchicha, matembele, karoti na maembe, maana mwili hugeuza rangi ya vyakula hivyo kuwa vitamini A kadiri unavyohitaji. Ukidhani umepungukiwa, pima kwanza. Na daktari umwonyeshe kila kidonge unachomeza, hasa ukiwa mjamzito, una ugonjwa wa figo au unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda.