Subira ya Nani?

Mtoto arudipo kutoka skuli na daftari lililochanwa, aghalabu huambiwa: subira yavuta heri. Methali njema, lakini hapo yaagizwa kwa asiyestahiki. Subira ni ya mwenye hiari. Mtoto anayeonewa hana hiari, ana woga tu. Mwaka 2019 UNESCO ilieleza kwamba takriban mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alionewa na wenziwe katika muda wa mwezi mmoja. Wingi huo haugeuzi uonevu kuwa mchezo. Mzazi na amsikilize mwanawe hadi mwisho, asimuulize kwanza alimchokoza nani. Kisha aende kwa mwalimu, mtoto akiwa na habari. Na akijibiwa kwamba watoto ndivyo walivyo, arudi kesho yake.