Moyo Udundao, Je, Ni Kosa?

Wako wasemao kwamba mtu atetemekaye usiku kwa wasiwasi amepungukiwa na imani. Sisi twaona lawama hiyo si ya haki, maana mwili hauombi ruhusa kabla ya kuogopa.

Walter Cannon, mtaalamu wa Marekani, alitazama paka walioshtuka, akaona tumbo limeacha kusaga chakula. Katika mwaka 1915 alitoa kitabu juu ya mambo hayo. Juu ya mafigo mna tezi mbili ndogo, nazo humwaga adrenalini katika damu. Ndipo moyo hudunda, pumzi hufupika, na damu huelekea misuli, ili mtu apigane au akimbie. Mbele ya simba ni faida. Walakini deni halikimbiwi, wala halipigwi kwa fimbo, na mwili hufanya yale yale.

Twakubali kwamba mtu akiwapiga watoto wake kwa sababu ya hofu, tendo hilo ataulizwa. Mdundo wa kwanza hataulizwa.

Basi kumwambia, “Usiogope,” hakutulizi tezi. Pumzi ndiyo mlango, kwa kuwa hujiendesha yenyewe, lakini hutii ikiamriwa. Na avute pumzi polepole, kisha aitoe kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, kama mara 6 kwa dakika. Maana pumzi itokapo, moyo hupunguza mwendo. Ninyi mnaomtembelea, ketini mpumue pamoja naye. Akikosa usingizi majuma mengi, mpelekeni kwa daktari, kama mngalivyompeleka mwenye homa.